Kutoka Gatini hadi Magofuni: Safari za Meli katika Bahari ya Shamu na Njia za Jangwani

Meli ya kitalii inayoshuka kutoka Suez hufika Safaga alfajiri. Safaga ni bandari ya Misri kwenye pwani ya magharibi ya Bahari ya Shamu. Mabasi huwa yamekwisha kujipanga gatini. Abiria wanapanda, na kwa muda wa saa tatu au nne wanavuka milima mikavu ya mawe hadi kuufikia Mto Nile, kisha mji wa Luxor. Huko wanatembezwa katika hekalu la Karnak, Bonde la Wafalme na hekalu la malkia Hatshepsut lililoko Deir el-Bahari, halafu wanarudishwa melini usiku. Baada ya siku moja au mbili meli iko Aqaba, Jordan, na ratiba ni ile ile: basi, jangwa, mji wa kale wa Petra, na kwa wenye nafasi zaidi, machweo katika bonde la Wadi Rum.

Matangazo ya safari hizi huuza vitu viwili kana kwamba havina uhusiano. Bahari ni ya kuogelea na kutazama samaki. Jangwa ni la kutazama magofu. Barabara inayoviunganisha huhesabiwa kuwa muda wa kusinzia kwenye kiti. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba barabara hiyo ndiyo historia yenyewe. Petra isingejengwa, na picha nyingi zilizochongwa Deir el-Bahari zisingechongwa, kama watu hawangekuwa wakivuka jangwa hilo kwa miguu ili kuifikia bahari, au kutoka baharini kwenda mtoni. Mtalii anarudia njia ya kale bila kujua, tena mahali muhimu kuliko pote katika njia hiyo hasimamishwi.

Nakiri kwamba mimi sijapanda meli yoyote kubwa kuliko feri ya kwenda Kalangala. Lakini maji yanayopita Luxor, baadhi yake yalipita Jinja kwanza, na sisi tuliofundishwa shuleni kwamba Nile ni mto wetu tuna sababu ya kuuliza kwa nini watu wa Misri, wenye mto mzuri kama huo, waliuacha mgongoni wakaingia jangwani kutafuta bahari.

Jibu la kwanza limechongwa ukutani katika hekalu la Hatshepsut. Malkia huyu alitawala Misri katika karne ya 15 KK, na katika mwaka wa 9 wa utawala wake alipeleka meli katika nchi iliyoitwa Punt. Ukutani kuna meli tano zenye matanga na wapiga makasia. Kuna nyumba za watu wa Punt zilizoinuliwa juu ya nguzo, zenye ngazi za kupandia. Kuna mkuu wao, Parahu, na mkewe Ati mwenye mwili mnene sana, ambaye wachongaji walimtazama kwa makini hata leo watu hubishana kama alikuwa mgonjwa. Kuna miti ya manemane 31 iliyong'olewa pamoja na udongo wake na kubebwa kwenye vikapu ili ipandwe Misri. Chini ya meli wamechongwa samaki na viumbe wa baharini kwa uangalifu mkubwa, na wengi ni wa Bahari ya Shamu, si wa Mto Nile. Fundi aliyechora mchoro huo, au aliyemsimulia fundi, alikuwa ameyaona maji yale.

Punt ilikuwa wapi? Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka 100. Miaka ya karibuni watafiti walipima kemikali zilizomo katika mabaki ya nyani waliokaushwa huko Misri, wakalinganisha na nyani wa sehemu mbalimbali za Afrika na Uarabuni. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalielekeza kwenye eneo la Eritrea, Ethiopia na kaskazini mwa Somalia. Kwa hiyo Punt ilikuwa upande wetu wa bara. Mtalii anayesimama mbele ya ukuta ule anatazama picha ya kale sana ya watu wa Pembe ya Afrika wakifanya biashara kwa bahari, na mara nyingi anaambiwa tu kwamba hizi ni safari za malkia.

Swali gumu zaidi ni namna meli hizo zilivyofika baharini. Misri haina mbao za kufaa kando ya Bahari ya Shamu. Pwani ile ni kavu. Mbao nzuri za mierezi zilitoka Lebanoni zikaja kwa Mto Nile. Kwa hiyo meli iliundwa mtoni, katika mji wa Koptos, ikafunguliwa vipande vipande, vipande vikabebwa kuvuka jangwa, na meli ikaunganishwa upya ufukoni. Safari ilipokwisha, ilifunguliwa tena. Wakati huo ngamia alikuwa hajaanza kutumika Misri kama mnyama wa mizigo. Mizigo ilibebwa na punda na mabega ya watu. Karibu miaka 500 kabla ya Hatshepsut, afisa aliyeitwa Henu aliandikisha juu ya mwamba wa bonde la Wadi Hammamat kwamba aliongoza watu 3,000 kutoka Koptos, akachimba visima njiani, akafika baharini, akaunda meli na kuipeleka Punt. Soma orodha hiyo taratibu: visima vinakuja kabla ya meli.

Kwa muda mrefu baadhi ya wanahistoria walitilia shaka habari hizi. Walisema Wamisri walikuwa watu wa mto, na kwamba picha za Deir el-Bahari huenda ni majigambo ya mfalme. Mashaka hayo yalipata jibu mahali panapoitwa Mersa Gawasis, ghuba ndogo kusini mwa Safaga. Kuanzia mwaka 2001, Kathryn Bard na Rodolfo Fattovich walichimba huko wakakuta mapango yaliyochongwa na watu katika mwamba wa matumbawe wa zamani. Ndani yake kulikuwa na mbao za meli zenye matundu ya viungio, nanga za mawe, na masanduku ya mizigo, ambayo mawili yaliandikwa maneno kuhusu maajabu ya Punt. Mbao zilikuwa zimetobolewa na yule mdudu wa majini anayekula mbao za vyombo, jambo ambalo haliwezekani ila chombo kikae baharini miezi mingi. Katika pango moja kulikuwa na kamba za meli, zimezungushwa na kufungwa vizuri, zikiwa zimelala sakafuni kwa karibu miaka 3,800.

Mwishoni mwa mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Cheryl Ward iliunda meli kwa kufuata mbao hizo na picha za Deir el-Bahari, ikaitia majini karibu na Safaga. Ikaelea, ikatweka tanga, ikaenda. Pwani hiyo hiyo ndipo mabasi ya watalii yanapogeuka kuelekea magharibi.

Sasa turudi barabarani. Nimesema mtalii husinzia, nami simlaumu, maana dirishani hakuna anachoonyeshwa. Lakini si mbali na barabara ya Safaga kwenda Qena kuna machimbo ya mawe ambayo Warumi waliyaita Mons Claudianus. Nguzo za kijivu zilizosimama kwenye baraza ya Pantheon, mjini Roma, zilikatwa hapo, katikati ya jangwa la Misri, zikavutwa hadi Mto Nile, zikapakiwa majahazini hadi Bahari ya Kati. Watu wengi duniani wamezipiga picha nguzo hizo. Wachache wameuliza waliozikata walikunywa nini.

Swali hilo nalo lina jibu, kwa sababu karani mmoja aliliandika. Machimboni hapo pamepatikana maelfu ya vigae vya vyungu vilivyotumika kama karatasi: barua, hesabu, maombi ya vyakula. Kigae kimoja ni orodha ya mgawo wa maji kwa watu zaidi ya 900 katika siku moja. Kwangu mimi kigae hiki kina uzito sawa na hekalu. Hekalu linatuambia mfalme alitaka kukumbukwa vipi. Kigae kinatuambia kwamba kila kilichosimama jangwani kilisimama juu ya hesabu ya maji, na kwamba kulikuwa na mtu kazi yake ni kuhakikisha hesabu hiyo haikosewi.

Njia ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya Berenike, bandari ya kusini kabisa. Iliasisiwa yapata mwaka 275 KK na Ptolemaio wa Pili, akaipa jina la mama yake. Sababu mojawapo ya kuianzisha ilikuwa ndovu. Wafalme wa ukoo huo walipigana na wafalme wa Siria waliokuwa na ndovu wa vita kutoka Bara Hindi, nao wakatafuta wa kwao katika nchi ambazo leo ni Sudani na Eritrea. Ndovu walipakiwa katika meli nzito zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Katika sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, kwa hiyo chombo kizito kinachorudi kinapambana na upepo wa mbele njia nzima. Ilikuwa nafuu kushusha ndovu mapema, kusini, na kuwatembeza jangwani hadi mtoni. Ndiyo sababu bandari ikawekwa mbali hivyo na mji mkuu.

Warumi walipoitwaa Misri, ndovu walikuwa wamekwisha kusahaulika na mzigo mkuu ukawa pilipili manga. Wachimbaji waliofanya kazi Berenike kuanzia mwaka 1994, wakiongozwa na Steven Sidebotham na Willeke Wendrich, walikuta mtungi wa Kihindi wenye kilo 7 na nusu za pilipili manga katika hekalu la Serapis. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba sanamu ya Buddha ya marumaru imepatikana katika hekalu la Isis mjini humo. Buddha ndani ya nyumba ya Isis, katika mji wa Kiafrika uliotawaliwa kutoka Roma! Hakuna kitabu cha watalii kinachoweza kubuni jambo kama hilo.

Plinio aliandika kwamba kutoka Koptos hadi Berenike ni mwendo wa siku 12, na kwamba sehemu kubwa ya safari hufanywa usiku kwa sababu ya joto, mchana watu wakipumzika kwenye vituo vya maji. Strabo, aliyefika Misri mwenyewe, anaongeza jambo zuri zaidi. Anasema hapo zamani wafanyabiashara wa ngamia walisafiri usiku wakifuata nyota na kubeba maji yao, kama mabaharia, hadi visima vilipochimbwa na mabirika ya mvua kujengwa. Nadhani Strabo aliona kile ambacho ratiba za leo hazikioni. Kwa wasafiri wale, kuingia jangwani kulikuwa sehemu nyingine ya safari ile ile ya bahari: nyota zile zile, hesabu ile ile ya maji, hofu ile ile ya kupotea.

Serikali nayo ilijua kuwa njia ina faida. Huko Koptos kuna jiwe la mwaka 90 BK lenye orodha ya ushuru wa kutumia barabara ya jangwani. Baharia wa kawaida alilipa drakma 5. Mke wa askari alilipa 20. Mwanamke aliyepelekwa pwani kufanya ukahaba alitozwa drakma 108. Kibali cha ngamia mmoja kilikuwa senti ndogo tu, oboli 1. Mtu akitaka kujua nani alipita njia ile, jiwe hilo linamtajia watu ambao hawajachongwa kwenye ukuta wa hekalu lolote. Pia linaonyesha kwamba kumtoza mpita njia si jambo la juzi. Petra ya leo humtoza mgeni asiyelala Jordan kiingilio kikubwa kuliko anayelala, na abiria wengi wa siku moja hulalamika. Baharia wa Koptos angewaelewa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, bandari hizi zina maana ya pekee. Strabo anataja meli 120 zilizokuwa zikiondoka katika bandari ya Myos Hormos, karibu na Quseir ya leo, kwenda India. Ziliondoka mwezi Julai zikisukumwa na upepo wa kaskazini hadi kwenye mlango wa bahari, kisha zikadaka upepo ule ambao sisi tunauita kusi. Zikarudi kwa kaskazi. Mfanyabiashara mmoja aliyekaa Misri na kuandika Kigiriki katika karne ya 1 BK alitunga mwongozo wa safari hizo, ule unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Unaanza na bandari hizo mbili, Myos Hormos na Berenike. Kisha unashuka pwani ya Afrika hadi nchi ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Mwandishi anasema jina hilo linatokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa; ni ndugu wa mtepe. Anasema pia kwamba manahodha Waarabu waliotumwa huko walioana na wenyeji na kujua lugha yao. Basi maandishi ya zamani kuliko yote tuliyo nayo kuhusu pwani ya Waswahili yametoka kwa mtu aliyeijua barabara hiyo ambayo basi la watalii linaikimbia kwa kasi.

Hata karne nyingi baadaye, njia ziliendelea kuwa zile zile. Ibn Battuta, ambaye wanafunzi wa historia tunamjua kwa maelezo yake ya Mombasa na Kilwa, alivuka jangwa hilo mwaka 1326 kwa ngamia, siku 15 kutoka Mto Nile hadi bandari ya Aydhab, akitaka kwenda Maka. Akakuta vita kati ya mtawala wa Wabeja na Wamamluki wa Misri, meli zimeharibiwa. Ilimbidi arudi alikotoka na kutafuta njia nyingine kupitia Siria. Kilwa aliifikia miaka kadhaa baadaye.

Upande wa pili wa bahari, katika Ghuba ya Aqaba, hadithi ina sura tofauti, ingawa maji bado ndiyo mhusika mkuu. Wanabati waliojenga Petra walikuwa kwanza wafugaji na wasafirishaji wa ubani na manemane kutoka kusini mwa Uarabuni. Diodoro anaeleza namna walivyojilinda dhidi ya jeshi la Antigono mwaka 312 KK. Walikuwa na mabirika chini ya ardhi, yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, wakayaziba na kuacha alama zinazojulikana kwao tu. Adui aliwakuta katika nchi yao wenyewe akafa kiu juu ya maji. Huu ndio ujuzi uliojenga Petra. Jengo la Khazneh, lenye urefu wa karibu mita 40, ambalo kila abiria hutoka melini kwa ajili yake, lilichongwa na watu ambao mali yao ya kwanza ilikuwa kujua kisima kiko wapi.

Bahari waliijua pia. Waliwahi kushambulia meli za Misri. Na Kleopatra aliposhindwa huko Actium mwaka 31 KK, akajaribu kuvuta meli zake juu ya nchi kavu hadi Bahari ya Shamu ili akimbie, Waarabu wa Petra ndio waliozichoma moto. Nafikiri tukio hilo dogo lilibadilisha mengi, lakini halitajwi njiani kwenda Petra, pengine kwa sababu halikuacha jengo la kupigia picha. Cha ajabu ni kwamba bahari hiyo hiyo ndiyo iliyowapunguzia nguvu baadaye. Kadiri meli za Misri ya Kirumi zilivyozoea kuleta bidhaa moja kwa moja hadi Berenike na Myos Hormos, ndivyo misafara ya ngamia ilivyopungukiwa na kazi. Mwaka 106 BK Trajan aliifanya nchi yao kuwa jimbo la Roma, na barabara mpya ikajengwa kutoka Bostra hadi Aila, yaani Aqaba. Basi la watalii linaanzia pale barabara ile ilipoishia.

Mgeni huingia Petra kupitia Siq, korongo jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kando ya njia, kwenye ukuta, kuna mfereji uliochongwa. Wengi huupita wakitazama juu. Wanabati walijenga boma mlangoni mwa korongo na kutoboa handaki ili maji ya mvua ya ghafla yapite pembeni, huku maji ya kunywa yakiingia mjini kwa mfereji na mabomba ya udongo. Boma hilo liliachwa kubomoka. Mwezi wa Aprili mwaka 1963 mvua ilinyesha milimani, maji yakajaa ndani ya Siq, na watalii wa Kifaransa zaidi ya 20 wakafa. Boma lilijengwa tena baada ya hapo, mahali pale pale palipochaguliwa na Wanabati miaka 2,000 iliyopita. Nimesoma maelezo mengi ya Petra yanayoiita jiji la makaburi. Watu wale wangekuwa hai leo kama kazi ya walioijenga kwa ajili ya walio hai ingeheshimiwa.

Jina jingine linalopendwa ni "mji uliopotea". Husemwa kwamba Johann Ludwig Burckhardt, Mswisi, aliugundua mwaka 1812. Ukweli ni kwamba alivaa nguo za Kiarabu, akajiita Ibrahim, akadai ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Haruni mlimani, na mwenyeji wa eneo hilo ndiye aliyemwongoza kupitia Siq. Mtu hawezi kugundua mahali anapopelekwa na mwenyeji. Kabila la Wabdul liliendelea kuishi ndani ya mapango ya Petra hadi karne ya 20. Mwaka 1985 UNESCO iliuweka mji katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka huo huo Wabdul wakahamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun kilichojengwa juu ya kilima jirani. Walipewa nyumba, umeme na shule, na wapo walioshukuru. Lakini mtu akiandika "uliopotea" katika tangazo, anasaidia kuwaondoa mara ya pili.

Luxor nako hali ni hiyo. Watu wa Qurna walijenga nyumba zao juu ya makaburi ya kale, ng'ambo ya mto. Kwa kweli wapo waliouza vitu vya kale, na serikali ilikuwa na hoja. Hassan Fathy, mbunifu mashuhuri, aliwajengea kijiji kizuri cha matofali ya udongo katika miaka ya 1940. Wengi wakakataa kuhamia. Kuanzia mwaka 2006 nyumba za kilimani zilibomolewa. Kilima sasa ni safi, na picha zinatoka vizuri.

Utalii huu wenyewe una umri wake. Mwaka 1867 meli Quaker City iliondoka New York na Wamarekani waliolipa ili watembezwe nchi za Bahari ya Kati hadi Palestina na Misri. Mark Twain alikuwa miongoni mwao na aliandika kitabu cha kuwacheka wenzake na kujicheka. Mwaka 1869 Thomas Cook aliongoza kundi lake la kwanza hadi Misri, na tarehe 17 Novemba mwaka huo Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Kuanzia hapo Bahari ya Shamu ikawa ukumbi wa kupitia. Meli zilizowaleta maafisa wa kikoloni na wamisionari Mombasa zilipita hapo, abiria wakilalamikia joto na kutazama milima ya pande zote mbili kwa mbali. Mlango wa bandari za kale ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyehitaji tena kushuka na kutembea siku 12.

Tarehe 17 Novemba, mwaka 1997, watu wenye silaha waliwaua watu 62 katika hekalu la Hatshepsut, wageni 58 na Wamisri 4. Kwa miaka mingi baadaye mabasi ya Safaga yalivuka jangwa kwa msafara mmoja, polisi mbele na nyuma. Msafara wenye walinzi katika njia ya Koptos: Warumi walikuwa na ngome na askari kando ya njia hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Halafu mwishoni mwa mwaka 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli karibu na mlango wa kusini wa bahari. Kampuni za meli za kitalii ziliondoa Bahari ya Shamu katika ratiba zao, nyingine zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na madereva, waongozaji na wauza vitambaa wa Aqaba na Safaga wakabaki na gati tupu. Berenike nayo iliachwa kabla ya katikati ya karne ya 6, mchanga ukaingia bandarini.

Wakirudi watalii, ningependa basi la Safaga likawie kuelekea magharibi kwa saa moja tu. Ligeuke kusini kwanza, kwenye ghuba ndogo isiyo na hoteli. Hapo hakuna nguzo wala sanamu. Kuna mwinuko wa matumbawe makavu wenye midomo ya mapango, na bahari mbele yake. Ndani ndimo zilimokutwa kamba zile, zimekunjwa na kufungwa na mabaharia waliotarajia kuzitumia msimu unaofuata.